Oili ya Rangi ya Asali

Baba yangu alikuwa na ibada mbili. Ya Jumapili ilikuwa ya kanisani, na sote tulihudhuria. Ya Jumamosi ilikuwa ya pikipiki, nyuma ya nyumba yetu pale Waithaka, na hiyo aliiongoza peke yake, akiwa amevaa koti la kazini ambalo mama alikuwa ametishia kulichoma mara nyingi tu.

Alikuwa amestaafu. Kwa miaka mingi alikuwa amebeba barua za ofisi moja mjini kwa pikipiki hiyo, na siku alipoondoka ofisi ikamwachia iwe yake. Nyonga yake ya kushoto haikumruhusu tena kuipanda mwendo mrefu, lakini kila Jumamosi ya pili, kabla ya saa nne, ungemkuta pale nyuma. Aliwasha injini dakika chache ili oili ipate moto, akaizima, akachuchumaa taratibu huku ameshika kiti na kuguna, kisha akaifungua nati ya chini kwa spana ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Oili ikatiririka kwenye karai, nyeusi tititi.

Oili hiyo haikutupwa. Tuliipaka kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile. Ukipita kwetu siku hizo na kuona ua wenye nguzo nyeusi kutoka chini hadi magotini, ungejua nyumba hiyo ina fundi, dereva, au jirani mwema. Sisi ndio tuliokuwa majirani wema. Bibi kizee wa ng'ambo ya kichochoro tuliyemwita shosho, mwenye ng'ombe wawili na ulimi mkali, alikuja na kopo lake kila Jumamosi ya pili bila kuitwa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha ukatibu ambacho hakikuwa kimemsisimua mtu yeyote. Maabara moja mjini, ghorofani karibu na River Road, ilikuwa inatafuta mtu mwenye pikipiki wa kukusanya sampuli za damu kutoka zahanati za Kileleshwa na Spring Valley. Baba alikuwa amenifundisha kuendesha zamani, kwa siri ambayo mama aliijua, na leseni nilikuwa nayo. Wakachukua hatua ya ujasiri wakanipa majaribio ya miezi mitatu, kwa pikipiki ya baba. Sharti lao lilikuwa moja: miezi hiyo ikiisha, pikipiki iwe kwa jina langu. Hawakutaka kesi za vyombo vya watu.

Baba akatafuta fomu ya kuhamisha umiliki, akaisoma mara mbili, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

"Nitasaini," akasema, "siku nitaona umejua kuichunga. Kuendesha si kitu, mama. Kuchunga ndio kazi."

Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake mzazi. Mtu hamcheleweshi mama yake hivyo, lakini yeye alinichelewesha. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukawa unaisha, na fomu bado ilikuwa imelala katikati ya nyimbo. Kila Jumapili nilimwona akikifungua kile kitabu kanisani, nami nikawa sina habari na wimbo wenyewe. Niliangalia karatasi ile tu, kama ina sahihi au haina.

Siku hizo boda boda hazikuwa zimejaa mjini kama sasa, na mwanamke juu ya pikipiki alikuwa sinema ya bure. Kule Spring Valley kulikuwa na soja wa lango ambaye kila nilipofika alichungulia nyuma yangu na kuuliza, "Na mwenye pikipiki ako wapi?" Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya ishirini nilitamani kumgonga na helmeti. Ilifika mahali nikachoka kabisa kumweleza mtu yeyote kwamba pikipiki ni yangu, hasa kwa kuwa haikuwa yangu bado.

Wazo la oili ya sintetiki lilitoka Westlands. Kulikuwa na kivuli tulichozoea kupumzikia sisi wa pikipiki za ofisi, na mmoja wetu, kijana wa vifurushi aliyependa kuonekana anajua, akaniuliza natumia oili gani. Nikamwambia ya kawaida, na kwamba tunabadilisha kila Jumamosi ya pili.

"Hiyo ni kujitesa bure," akasema. "Weka synthetic. Unaisahau miezi. Injini inakuwa smooth hadi unashuka kuangalia kama iko."

Nililala na neno hilo siku kadhaa. Oili ya kawaida ilipatikana kila mahali na haikuumiza mfuko, ila ilichoka haraka, hasa ukikwama kwenye jamu jua likiwaka. Sintetiki ilikuwa ghali, lakini walisema haiogopi joto na inadumu. Halafu kulikuwa na ile nyonga. Jumamosi ya oili iliyotangulia nilikuwa nimemwona baba akishindwa kuinuka, akabaki chini akijifanya anatafuta nati iliyoanguka. Nati ilikuwa mkononi mwake. Nilijiambia kwamba nataka kumpunguzia kuchuchumaa, na ilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo sikujiambia, ni kwamba nilitaka ajue kuwa nami najua kitu. Na bila kumuuliza, maana ningemuuliza angekataa.

Basi Jumatatu nikaenda Kirinyaga Road, kwenye duka lililojaa makopo ya oili hadi darini. Helmeti nilikuwa nimeiacha kwenye pikipiki, na nilikuwa na koti langu la heshima.

"Sasa madam. Nikusaidie?"

"Nataka synthetic. Ile poa kabisa uko nayo."

Mwenye duka alinitazama, akaona mwanamke mwenye koti, akaona gari ambalo halikuwepo. Ningesema neno moja tu, pikipiki, mambo yangekuwa mengine. Lakini ningesema, angechungulia nyuma yangu kumtafuta mwenyewe, nami sikuwa na nguvu za soja wa pili siku hiyo. Nikanyamaza. Akanipa kopo lenye picha ya gari la mashindano, nami nikadhani ni pambo.

Nilibadilisha mwenyewe, kwenye maegesho ya nyuma ya maabara, kwa spana ya kuazima. Oili nyeusi nikamwachia mlinzi wa pale, ambaye alikuwa na ua wake huko kwao na akashukuru sana. Jumanne pikipiki ilinong'ona. Nilipita Kileleshwa nikijihisi tajiri. Nikapanga kumwambia baba Jumatano. Jumatano nikapanga kumwambia Alhamisi.

Alhamisi nilikuwa natoka Spring Valley na sanduku la sampuli nyuma, napanda mwinuko kuelekea Westlands, nikavuta mafuta. Injini ikalia kwa nguvu, lakini gurudumu halikupata habari. Nikabadilisha gia, yale yale. Mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa miche ya maua alinipita, akageuka, akanionea huruma. Nilifika maabara nimechelewa. Sampuli zilikuwa bado nzuri, ila mkubwa wangu alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. Ijumaa ikawa mbaya zaidi. Nilijua klachi ndiyo inayoteleza, lakini sikujua kwa nini. Nilichojua ni kwamba pikipiki iliyombeba baba miaka yote ile, mimi nilikuwa nimeiua kwa siku nne.

Jumamosi ikafika, na baba akavaa koti lake. Niliketi kwenye kizingiti cha jikoni nikiomba mvua. Aliwasha, akazima, akachuchumaa, akafungua nati. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya asali.

Shosho alikuwa ameshafika na kopo lake. Akainama juu ya karai, akatazama, akanusa.

"Hii ni nini sasa?" akauliza. "Hii mchwa watapaka kwa mkate."

Baba hakucheka. Alichovya kidole gumba, akakisugua na cha pili, akakinusa. Hakunitazama. "Labda wiki hizi mbili haikutembea sana," akasema, polepole, kama anayeongea na karai.

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema ndiyo, tungeingia ndani kunywa chai. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo ilionekana ndefu ya kutosha, ingenifikisha hadi kwenye sahihi. Nikaona lile gumba lake linang'aa, nikashindwa.

"Nilibadilisha Jumatatu, Baba," nikasema. "Niliweka sintetiki bila kukuambia. Na sasa klachi inateleza, na sijui nimeiharibu kiasi gani."

Hata shosho alirudi nyuma na kopo lake tupu, jambo ambalo mtaani kwetu halikuwa limewahi kutokea. Baba alitaka kuinuka, nikamshika mkono, akakubali kushikwa. Akaingia ndani. Mimi nikaenda jikoni kumenya viazi, na nikalia wazi wazi, maana viazi si vitunguu na sikuwa na cha kusingizia. Baada ya muda nikamsikia ametoka nje tena. Akafunga nati, akamimina oili ya kawaida, akaja akasimama mlangoni.

"Jumatatu tutaenda pamoja kwa huyo mwenye duka," akasema.

Mimi nilisikia kwamba hataniamini tena. Kesho yake kanisani hakukifungua kitabu cha nyimbo hata mara moja. Aliimba kwa kichwa. Nikasema basi, imekwisha.

Jumatatu niliomba ruhusa ya nusu siku. Baba alivaa koti la Jumapili na helmeti yake ya zamani, akapanda nyuma yangu. Hakuwa amewahi kukaa nyuma ya pikipiki ile. Kwenye mwinuko wa kwanza klachi iliteleza, nikasikia amenigusa bega. "Usiikimbize," akasema. "Iache ijikokote." Tukajikokota hadi mjini, mzee na binti yake, na kila mtu akatutazama.

Mwenye duka alinikumbuka. Alipoona helmeti mbili akashika kichwa.

"Kumbe ilikuwa ya pikipiki, ya nduthi? Madam, si ungesema. Ile ni ya gari. Gari klachi yake iko kando, haiguswi na oili. Ya nduthi inaoga ndani ya oili moja na injini. Ile nilikupea iko na dawa ya kufanya vitu ziteleze. Sasa klachi nayo ikateleza."

"Si sintetiki, basi?" baba akauliza.

"Synthetic haina makosa, mzee. Makosa ni kuweka ya gari."

Fundi wa pale nje akaimwaga oili, akafungua upande wa klachi, akazitoa sahani zake, akaziosha kwa petroli moja baada ya nyingine, akasema bado zina maisha. Nilitaka kumkumbatia. Baba naye alikuwa kaunta, anamhoji mwenye duka kama mzee wa kanisa anavyowahoji wanaotaka ubatizo. Makopo mawili yalikuwa mbele yake, yote ya pikipiki: moja oili ya kawaida, moja sintetiki. Inadumu vipi? Injini nzee itavuja? Akajibiwa kwamba huenda ikavuja kidogo, huenda isivuje. Akalishika kopo la sintetiki akaligeuza geuza, na kwa mshangao wangu akaonekana kulipenda.

"Hii si mbaya," akasema. Kisha akaniachia nafasi kaunta. "Chagua."

Nilikuwa nimekuja nikiwa tayari kuchaguliwa kila kitu hadi mwisho wa maisha yangu. Nikachukua la kawaida. Nikamwambia injini ni nzee na imezoea, na kwamba mimi si mtu wa kupewa ruhusa ya kusahau miezi mitatu. "Nami nitakuwa nachuchumaa mimi," nikaongeza. "Wewe utaleta kiti ukae uniangalie."

"Na shosho atapata ya nguzo," akasema baba.

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa spana yake akaiweka kando ya kopo. Akatia mkono tena akatoa ile fomu, imekunjwa mara nne. Nikamgeukia mwenye duka nikamwomba kalamu.

"Kalamu ya nini?" baba akauliza.

Nikaikunjua. Sahihi yake ilikuwa pale chini, imenyooka, ya mtu wa ofisi. Na kwenye pembe ya karatasi kulikuwa na alama ya gumba. Naijua alama ya gumba la baba yangu. Iko kwenye swichi ya taa, iko kwenye jalada la kitabu cha nyimbo, iko kwenye picha yangu ya shule, na kote huko ni nyeusi. Hii haikuwa nyeusi. Karatasi ilikuwa imelowa tu mahali hapo, ukaweza kuona hadi upande wa pili, kama karatasi iliyofungiwa mandazi.

Alikuwa amesaini Jumamosi, kabla hajanawa mikono, mimi nikiwa jikoni nalia na viazi.