Miguu Miwili ya Kulia

Mtaani mama yangu wanamwita Mama Punguza. Kazi yake ni nguo za mitumba. Unamletea suruali ya mtu mnene wa huko mbali, baada ya saa moja imekukaa kama ulizaliwa nayo.

Serikali mpya ilipoingia ikapiga marufuku mitumba, eti mafundi wa ndani wapate kazi. Mama alishangilia mbele ya redio kuliko wote. Jirani yetu muuza mitumba alikuwa anafunga kibanda.

"Haya shemeji, serikali yenu hiyo. Sasa utampunguza nani?"

"Nitashona mpya. Ulidhani cherehani hii pambo?"

Wiki mbili hakuja mteja hata wa kuuliza njia. Ndipo mwalimu mkuu akaleta jora la kitambaa cha kiwanda cha hapa nchini. Mama ashone suruali moja ya mfano. Ikipendeza, sare za shule nzima ni zake.

Sasa, mama hakuwa amekata kitambaa kipya kwa miaka kumi na mbili. Mtumba unakuja na miguu yake yote, wewe unafumua na kubana tu. Alitandaza kitambaa bila kukikunja, akachora mguu kwa kufuata karatasi ya kipimo, akaisogeza karatasi bila kuigeuza, akachora tena vilevile. Alipounganisha, mguu mmoja ulionyesha upande wa nje wa kitambaa unaong'aa, wa pili upande wa ndani uliofifia. Alikuwa amekata miguu miwili ya kulia.

Muuza mitumba alipoiona hakucheka.

"Mwambie mwalimu kitambaa kibovu. Cha kiwanda chetu hicho, nani atabisha?"

Mwalimu alifika, akaigeuzageuza.

"Kitambaa hiki..." mama akaanza. "Kitambaa ni kizima, mwalimu. Nimekosea kukata mimi."

"Mbona redio inasema mafundi mko tayari?"

"Redio haikuniuliza. Niachie mita mbili tu, nirudie."

"Shule inafunguliwa Jumatatu, mama."

Akalibeba jora begani. Mama akamfuata hadi mlangoni, akamwelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kugusa mtumba.

"Yule anajua kukata," alisema.

"Shemeji!" muuza mitumba akadakia. "Kazi yako unaigawa hivihivi?"

"Watoto wavae nini Jumatatu, maneno yako?"

Kesho yake asubuhi alinituma kwa yule fundi, nikamwulize kama atampa mama kazi ya kushonea vifungo.