Harufu ya Ayodini

Kwanza ilikuwa sauti: chuma kikiburutwa juu ya saruji, swichi ikibonyezwa, kisha pumzi ya mama mkwe wangu ikikatika. Sikuona kitu. Nilikuwa nimegeukia ukuta wa chumba cha hospitali mjini Nakuru, pua ikikaribia chokaa, kwa sababu kwetu mke wa mwana haoni mwili wa mama mkwe wake, wala hautaji.

Alikuwa amekuja kutibiwa kiuno tu, kilichochoshwa na kuchuma pareto. Lakini daktari mgeni, Mzungu, alitaka kila mama wa umri wake apimwe kwa chombo alichokuja nacho kutoka ng'ambo: darubini ya macho mawili juu ya mguu wa chuma, na taa kali kando yake. Mama hakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa mdomo wake.

"Mwambie mama alegeze miguu," daktari alisema. "Napaka siki, halafu ayodini."

"Mama, pumzika," niliuambia ukuta.

Daktari akatazama kwa muda mrefu. Taa ilinguruma kidogo, kama nzi ndani ya chupa.

"Palipo pazima panageuka kahawia," alisema. "Palipo na ugonjwa panakataa rangi. Kuna mahali pamoja pamekataa. Padogo, kama punje ya mtama. Njoo utazame mwenyewe."

"Siwezi, bwana."

"Basi mwambie arudi Alhamisi nikate hapo. Sasa hapaumi. Pakiachwa patakuwa saratani, na saratani itamuua."

Nikatafuta maneno yasiyomvua nguo. "Kuna mbegu mbaya, Mama, bado haijaota. Alhamisi ing'olewe. Ikiota, itakuua."

"Nimesikia," alijibu nyuma yangu.

Tulirudi shambani, Bahati, juu ya lori la maziwa. Tulisikia ng'ombe kabla ya kufika getini. Watu wa msituni walikuwa wameingia shambani usiku na kuwakata mishipa ya miguu, na setla, Mzungu mwenye shamba, alikuwa akipita zizini na bunduki akiwamaliza mmoja mmoja. Wanaume wote wa kambi yetu ya vibarua walichuchumaa kando ya barabara, mikono kichwani, baba mkwe wangu akiwa mbele. Mume wangu hakuwemo. Alikuwa kizuizini tangu mvua za kwanza.

Homugadi aliyeshika geti, askari mwenyeji wa serikali, tulimjua. Alizaliwa laini ya pili ya nyumba za vibarua kutoka kwetu. Alisoma pasi zetu, akazirudisha. Halafu akainusa hewa.

"Hii ni dawa ya vidonda."

Akamsogelea Mama.

"Jana tumempiga mmoja risasi ya paja, akatuponyoka. Leo nyanya huyu ananuka ayodini." Akawageukia wenzake. "Kumbe msitu una daktari wake, na anavaa leso."

Wenzake wakacheka. Akaupasua mfuko wetu wa unga, akaumwaga matopeni, akaukanyaga. "Chupa iko wapi, nyanya?"

Rungu la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata tayani, nikasikia jino likigonga jiwe. Mpaka leo akicheka huufunika mdomo kwa kiganja. Nilimrukia yule mtu mkononi. Mwenzake akanipiga teke la tumbo, nikaanguka juu ya unga. Mama alikuwa chini, damu ikimtiririka shingoni, na bado hakusema neno. Kulikuwa na wanaume pale. Kulikuwa na mumewe.

"Ameificha nguoni," homugadi alisema, akainama kushika upindo wa sketi yake. "Tutaitoa wenyewe."

Hapo nikasema, kwa sauti ambayo kambi nzima iliisikia. "Hana chupa. Hiyo ayodini daktari amempaka ndani, kwenye mlango wa watoto. Anatafuta ugonjwa. Uliza hospitalini."

Mkono wake uliachia sketi kana kwamba umeungua. Mmoja wao alianza kucheka, akakosa wa kumuunga mkono. Bunduki ililia zizini. Baba mkwe alikuwa akitazama ardhi.

Walipoachiliwa, baba mkwe alikuja nyumbani akampiga Mama kofi kwenye lile taya lililovimba. "Umefunguliwa miguu na Mzungu," alisema, "na sasa kila kibarua anajua." Mimi hakuniangalia. Mama pia hakuniangalia. Alikoroga uji, akanywa kwa upande mmoja wa mdomo, na siku zilizofuata alinipa kazi kwa kuonyesha kidole.

Alhamisi, kabla lori la maziwa halijapiga honi, alitoka chumbani amevaa leso safi.

"Ukienda kwa huyo mtu na taa yake, usirudi hapa," baba mkwe alisema, bila kuinuka kitini.

"Nimeng'olewa jino kwa ajili ya hii dawa," Mama alijibu. "Acha basi ifanye kazi yake."

Nilichukua shali yangu. Akanizuia kwa mkono.

"Wewe baki, mwanangu. Pareto inangoja."

"Nani atakuwa mdomo wako, Mama?"

"Yote uliyamaliza kule getini." Aliligusa shavu langu, mara ya kwanza tangu niolewe. "Hakuna kilichobaki cha kufichwa."

Akaweka pasi yake kifuani, akampita mumewe, akatoka, na kuufunga mlango nyuma yake.