Ukoga wa Safu ya Tatu

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kinyaa. Dada zake walimcheka kwa kuosha kikombe safi kabla ya kukinywea, na bamia hakuwahi kuitia mdomoni kwa sababu ya ule ute wake. Kwa hiyo aliposema amepata kazi ya usafi kwenye nyumba ya vioo ya kituo cha utafiti wa mazao, nyumbani walishika mbavu kwa kucheka.

"Wewe?" mumewe alimwuliza. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kelele za karakana zilikuwa zimemsahaulisha kunong'ona. "Wewe unayeruka ukiona mjusi?"

"Mimi," alijibu. "Na usiku nikirudi usiniulize nilishika nini."

Miaka kumi na minne baadaye alikuwa bado yuko pale, na kituo kizima kilimwita Mama Brashi.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na joto la kunata. Vyungu mia nne vya kunde vilipangwa safu nane, hamsini kila safu. Juu yake, kwenye reli mbili zilizofungwa karibu na paa, ilitembea roboti: mkono mrefu wa chuma wenye kamera mwishoni. Kila siku saa nne asubuhi iliamka kwa mlio kama wa mbu, ikasimama juu ya kila chungu, ikapiga picha, ikasogea. Picha zilikwenda kwenye kompyuta, nayo kompyuta ikachora mstari kuzunguka kila kitu cha kijani na kupima ukubwa wake. Ukitoa cha jana kwenye cha leo, unajua mmea umekua kiasi gani. Zamani watu wawili wenye rula walifanya kazi hiyo wiki nzima, tena kwa ugomvi. Roboti iliimaliza kwa dakika arobaini.

Ila haikujua kubagua. Kwake, kijani ni kijani. Ndiyo maana Mama Brashi aliingia saa moja, akavaa glavu mbilimbili, akaanza kuondoa kila ambacho kingeidanganya. Aliokota majani yaliyooza na kuwa kama kamasi. Alibandua konokono wasio na gamba, wale wanene wanaojikunja ukiwagusa. Siku moja mmoja alimwingia ndani ya glavu, akapiga yowe hadi mlinzi akaja mbio na rungu. Lakini kilichomchefua zaidi kilikuwa ukoga: utando wa kijani unaoota juu ya udongo ulio na maji mengi, unaong'aa, unaoteleza, wenye harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Aliukwangua kwa brashi na kijiko huku amegeuza uso pembeni, akiomba saa nne ifike upesi.

Safu ya tatu ilikuwa ya Daktari. Hakuwa daktari wa kutibu watu, ni wa mbegu. Mtu wa manukato mengi na shati lisilo na kunyanzi, aliyemwita kila mtu "mpendwa". Alikuwa na mbegu mpya ya kunde aliyosema inakua haraka kuliko zote, na orodha ya wakulima watakaopewa ilikuwa imeshaanza kuandikwa.

Jumatatu moja alimsimamisha mlangoni. "Mpendwa, safu ya tatu usiikwangue tena. Mizizi yake ni laini, brashi yako inaisumbua."

"Sawa, daktari."

Akaiacha. Wiki ya kwanza ukoga ulifunika udongo. Wiki ya pili ukawa mnene, ukafanya mapovu, na vijinzi vikaanza kuruka juu yake. Wiki ya nne ulipanda kingo za vyungu ukachungulia nje kama ulimi. Mama Brashi alipita hapo akiwa amebana pumzi, na hata hivyo harufu ilimfuata hadi nyumbani kwenye mtandio.

Mwezi ulipokatika, Fundi Kamera alimwita kwenye chumba cha kompyuta. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, mtunza roboti, ambaye bisibisi haikumtoka mfukoni.

"Dada, hebu njoo uone. Hapa pana nini?"

Kwenye skrini kulikuwa na picha ya chungu kimoja cha safu ya tatu. Mstari wa kompyuta ulizunguka majani vizuri, halafu ukayaacha, ukatambaa juu ya udongo hadi ukingoni, ukarudi. Vyote ndani ya mstari vilihesabiwa kuwa jani.

"Huo si ukoga, kaka?"

"Ndicho ninachokuuliza. Maana kama ni ukoga, karibu nusu ya mbegu ya Daktari ni uchafu mtupu. Nimemwambia mara mbili. Kanijibu nishughulike na nati zangu."

Mama Brashi aliufuata mstari ule kwa kidole, kutoka jani hadi ukingo wa chungu. Mizizi laini! Mwezi mzima amepita pale akitii, akiulinda ule uozo, akiufanyia ulinzi kama mtu aliyeajiriwa kuulea.

Jioni alimweleza mumewe. Yule bwana aliacha kutafuna.

"Na shemeji je? Kaka yako ameshajiandikisha. Nusu ya shamba ameiacha wazi, anasubiri hiyohiyo."

Mama Brashi akasukuma sahani yake mbali. Hakula.

Kesho yake alianza na safu ya tatu. Hakuruka chungu. Ukoga ulitoka kwa vipande vizima kama ngozi ya maziwa, na chini yake kulikuwa na funza wembamba weupe. Mara mbili alikwenda nje kutapika, akasukutua, akarudi. Ndoo ilijaa. Chini ya ule utando zilibaki kunde za kawaida kabisa, tena mbili tatu zikiwa na manjano.

Saa nne roboti ikapita. Saa tano kasoro Daktari akaingia, manukato mbele yeye nyuma.

"Nani amegusa mimea yangu? Imepungua karibu nusu kwa siku moja!"

"Mimea hakuna aliyeigusa. Hesabu majani, yapo yote." Akamsogezea ndoo. "Kilichopungua ni hiki."

Daktari alitazama ndani, akarudi nyuma hatua moja. Halafu sauti yake ikawa laini, na mkono wake ukamtua begani.

"Mpendwa, wewe umekaa hapa miaka mingi. Panahitajika msimamizi wa usafi, mtu wa kuamrisha tu, asiyeshika brashi. Mimi nikisema neno, ni wewe. Haya mambo ya picha tuyaache kwa wasomi, au siyo?"

Konokono wa miaka kumi na minne hawakuwahi kumfanya ajisikie vile. Ngozi yote ilimsisimka.

"Daktari, toa mkono."

Akautoa. Na kabla ya saa nane barua ilishaandikwa kwa neno la Daktari: kamera imeharibika, aliyeiharibu ni Fundi Kamera kwa uzembe, na amesimamishwa kazi. Yule fundi alipita uani na kisanduku cha vifaa vyake bila kumtazama mtu.

Hapo Mama Brashi akabeba ndoo, akapanda nayo ngazi hadi kwa Mkurugenzi. Karani alijaribu kumzuia, akanusa, akampisha.

"Kitoe nje hicho kitu!" Mkurugenzi alisema, leso puani.

"Nitakitoa, mzee, ukishakiangalia. Wakulima wanaandikishwa kupewa hiki."

Mkurugenzi aliangalia. Kisha akashuka mwenyewe hadi kwenye nyumba ya vioo, akaagiza picha za jana na za leo ziwekwe pamoja, akazitazama kwa muda mrefu, akakuna kidevu, akasema "Aisee," basi.

Mbegu iliondolewa. Fundi Kamera alirudi baada ya wiki mbili. Lakini ripoti ilisema kulitokea "changamoto za kiufundi", na Daktari akahamishiwa kituo kingine, kikubwa zaidi ya hiki. Aliagwa kwa keki. Watu walewale walionong'ona juu yake kwenye korido walipiga makofi, na mmoja akasoma shairi la kumsifu. Mama Brashi aliambiwa aje kukusanya sahani. Daktari alimnyooshea mkono. "Hakuna kinyongo, mpendwa." Alizibeba sahani zenye mabaki ya krimu, mikono yote miwili, akapita. Jikoni alisimama mbele ya sinki akasonya peke yake, kwa sauti, zaidi ya mara moja.

Kaka yake alipanda mahindi akiwa amechelewa, akavuna kidogo. "Ungesema mapema," alilalamika. "Ningejua mapema ningesema," alimjibu, na wakanuniana hadi msimu uliofuata.

Fundi Kamera sasa alikuwa na jambo moja kichwani: kuifundisha kompyuta kutofautisha jani na ukoga. Ilihitaji maelfu ya picha, na mtu wa kuiambia kipi ni kipi. Kwa hiyo kila siku baada ya roboti kupita, Mama Brashi alivua glavu, akaketi mbele ya skrini, akaelekeza kidole. "Jani. Jani. Ukoga. Jani lililooza. Huyo ni konokono, mtoe haraka, kaka, nimetoka kula." Pale skrinini uchafu ulikuwa mkubwa kama meza, kila povu na kila kijinzi vikionekana. Aliichukia kazi hiyo kupita zote, na hakukosa hata siku moja.

Baada ya miezi mitano fundi alimwambia, kwa furaha, kwamba kompyuta inakosea mara mbili tu katika picha mia.

"Nionyeshe hizo mbili," alisema, akavuta kiti.