Kamba Anayeoza Sebuleni

Mimi sikai na uvundo ndani ya nyumba. Tangu niko msichana nasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, mpaka mtu akinusa mdomo wa kibuyu anaanza kumeza mate. Kwa hivyo mjukuu wangu aliponiambia kwamba ile harufu ya sebuleni inatakiwa iwepo, nilimwangalia kama mtoto wa watu wengine.

Alikuwa ameleta sanduku la kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Akalijaza maji, akakoroga chumvi ya bahari ya pakiti, akapanga mawe. Samaki hakuna. Badala yake akatumbukiza kamba, yule mdudu wa bahari mwenye masharubu, tena amekufa, akamwacha aoze. Alinieleza kwamba uozo unatoa sumu, na sumu inaleta vijidudu visivyoonekana ambavyo vinakaa kwenye mawe na kuila. Vikishakuwa vingi, ndio samaki anaweza kuishi. Anataka kutengenezea watu wa Kitengela masanduku kama hayo, na hili la kwanza ni la kuwaonyesha wateja.

"Ni kama kibuyu chako, Koko," akasema. "Si maziwa yanalala humo mpaka yanaganda?"

"Usitaje kibuyu changu na huo mzoga."

Kamba alivimba akawa mweupe kama kidole kilichokaa kwenye maji ya kufulia. Kisha akaota manyoya. Maji nayo yakawa kama mate ya ng'ombe mgonjwa. Kwetu samaki alihesabiwa pamoja na nyoka, na mimi mpaka leo sijamwonja. Nikahamia kunywa chai yangu nje, kwenye vumbi la malori ya mawe. Heri vumbi.

Na kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwangu kwa maombi. Nyumba yangu ni ya mawe, ya kwanza kwa ukoo wetu, na nilitaka waione. Kati yao yuko mmoja kutoka Isinya, mfugaji wa kuku, ambaye akipewa kikombe anapitisha kidole ndani kabla ya kumiminiwa chai. Asubuhi ya maombi nilichukua koleo la makaa nikainama juu ya sanduku nimtoe yule kamba.

Mjukuu akatoka chumbani na mswaki mdomoni. Hakupiga kelele.

"Ukimtoa sasa, vijidudu vinakosa chakula, Koko. Naanza upya. Na mteja wangu wa kwanza, daktari wa meno, anakuja kuangalia wiki ijayo."

Povu lilikuwa linamtiririka kidevuni na hakulipangusa. Alimaliza chuo, na tangu hapo hakuna aliyempa kazi. Alikuwa anaangalia koleo tu.

Nikalirudisha jikoni.

Wageni walifika, madirisha yote wazi. Wimbo wa kwanza haujaisha, yule wa kuku akainua pua.

"Mama, kwani umefiwa na panya?"

Ningesema ni panya. Panya hufia kwa kila mtu.

"Si panya," nikasema. "Ni kamba, yuko hapo kwa kioo. Tumemweka wenyewe aoze. Ni kazi ya mjukuu wangu. Kunywa chai."

Hakunywa. Mandazi yalibaki sinia nzima, na sala ya kufunga ilikuwa fupi kabisa. Walipoondoka nilitoka nje nikakaa. Mjukuu akaniletea chai na mandazi mawili, anacheka peke yake.

"Umenawa mikono?" nikamuuliza.

Akarudi ndani kunawa.