Pote ya Bibi Harusi Ndani ya Tairi

Siku mjukuu wangu Sulav alipooa, wanaume wanne watu wazima walilivua tairi la pikipiki katikati ya ua wa ukweni, wakitafuta ndani yake pote ya bibi harusi, mkufu wake wa shanga.

Pandit, kuhani wa harusi, ameshika saa. Wapiga zumari wamenyamaza. Mimi nimekaa mkekani, sinia magotini, sindano mkononi, nasubiri shanga.

Sogeeni niwape hadithi yote, maana hapa Beni kila mtu anayo yake na nyingi ni chumvi.

Ukweni kwa Sulav ni Darbang, huko juu. Mvua ya mwaka ule iliporomosha mlima ukalala barabarani, magari yakawa hayapiti. Ni miguu au pikipiki. Basi msafara wa harusi ukapangwa wa pikipiki. Sulav na yake, mimi nyuma ya mzee wangu, mume wangu Gokarna.

Mimi lazima niende, kwa sababu katika nyumba yetu pote hutungwa na bibi wa bwana harusi, palepale uani kwa bibi harusi, zumari zikilia. Nyuzi nyingi za shanga ndogo nyekundu. Bwana harusi akishamvisha mwenzake, basi, ameoa.

Sasa, tairi la mbele la mzee wangu lilikuwa na maradhi mawili. Lilivuja upepo kidogo kidogo. Halafu likichanganya mwendo lilitetemeka mpaka meno yangu ya bandia yanagongana yenyewe.

Mzee akalipeleka kwa Lokman, fundi wetu. Mdogo wa mzee, Homnath, akamfuata bila kuitwa. Mimi nilikuwepo, nimepita na kapu langu la majani ya haradali.

"Mzee, njia ziko tatu," Lokman akasema. "Kuna risasi, vile vyuma vizito vidogo, za kubandika kwenye rimu. Zinasawazisha, ila mawe ya huko juu yatazibandua zote. Kuna gundi ya maji, namimina ndani. Inaziba tundu, haisawazishi. Na kuna shanga."

"Shanga?" mzee akauliza.

"Punje ndogo ndogo, zinawekwa ndani ya tairi. Likizunguka, zenyewe zinakimbilia palipo pepesi. Zinasawazisha, hazizibi. Mimi sinazo. Chagua moja, mzee. Gundi na shanga havilali chumba kimoja."

"Gundi," mzee akasema.

"Shanga," Homnath akasema. "Nilipokuwa Doha, pikipiki zote kubwa zina shanga."

"Doha ulikuwa unafagia ghala."

"Nilifagia nikiwa na macho, kaka."

"Tairi ni langu."

"Na shemeji unayembeba ni wa kwangu. Akianguka?"

Lokman akafuta mikono. "Nendeni mkapatane, mrudi."

Hawakupatana. Mzee alirudi peke yake akatiliwa gundi, ya kijani, nzito kama uji wa mgonjwa. Hakumwambia mtu.

Na Homnath naye akaja jikoni siku ya kuamkia harusi. Nakaanga sel, mikate yetu ya mduara, mikono yote unga wa mchele, moshi machoni.

"Shemeji, zile shanga za kwenye kopo, una kazi nazo?"

Rafuni nina makopo mawili ya maziwa, yanafanana. La kwanza lina shanga mpya za Rejina, bibi harusi. La pili lina shanga za wanawake wa nyumba hii waliofiwa na waume. Mume akifa, pote hukatwa. Sikuwa na moyo wa kuzitupa, na tangu msiba wa mama mkwe wangu nilikuwa nikimwomba Homnath azipeleke mtoni.

Nikajua leo kakumbuka.

"Zichukue, shemeji. Siku nyingi nangoja uzichukue."

Akachukua. Kumbe ana mambo yake. Alichomoa pini ya valvu, akakunja gazeti likawa mrija, akazimimina zote ndani ya tairi. Naye hakumwambia mtu.

Kesho yake tukaondoka, mimi nimebeba lile kopo lililobaki rafuni. Mwanzo shwari. Tulipofika kwenye mawe, gundi na shanga zikawa bonge moja, na pikipiki ikaanza kuruka upande kama mbuzi aliyeona nyoka.

"Mzee, inacheza hii."

"Inafurahia harusi. Shika kopo."

Nililishika kopo kwa mikono yote miwili. Mzee nikamshika kwa magoti.

Darbang tukafika salama. Tukapakwa tika, ile alama nyekundu ya paji la uso, tukapewa mtindi, nikakaa mkekani. Zumari zikaanza. Nikafungua kopo.

Shanga zimepauka. Juu kabisa, ile ya kijani ya pote ya mama mkwe, niliyoikata mwenyewe kwa mkono huu alipofiwa.

Mwenye ngoma alipoona uso wangu akaiweka chini.

"Homnath, shanga ulizochukua ziko wapi?"

Akalionyesha tairi kwa kidevu.

"Kwenye tairi?"

"Si ulisema nichukue, shemeji."

Mzee wangu akasimama. "Tairi gani? Langu lenye gundi?"

"Uliweka gundi?"

"We uliweka shanga?"

Wakatazamana kama majogoo.

Baba wa Rejina uso ulishabadilika. "Mmemletea binti yangu shanga za wajane?"

Pandit akaonyesha kilima kwa saa yake. "Saa njema inakwisha jua likigusa ule mwamba. Likipita, mtangoja mpaka mwezi wa Falgun. Na mimi Falgun nina harusi nyingine."

Duka la pote liko Beni, ng'ambo ya ule mlima ulioporomoka. Na pote ya mke wa mtu haiazimwi. Sulav amesimama na maua shingoni.

Ndipo Rejina akatoa kichwa dirishani, na shela lake jekundu.

"Mbona mnatazamana? Fungueni tairi."

Lokman alikuwa msafarani, na bahati yetu hatembei bila spana. Wakalivua. Ndani kuna bonge la kijani limejaa vitone vyekundu, kama nyoka kameza komamanga.

Wanawake wa ukweni wakashuka na maji ya moto, mafuta ya haradali na majivu. Wakasugua. Mimi nikatunga. Shanga moja inaingia, tatu zinaganda kidoleni. Mama wa Rejina akaja kukaa ubavuni kwangu, akawa ananibandulia. Nikajua tumesamehewa nusu.

Jua lilipokuwa kidole kimoja juu ya mwamba, nikafunga fundo la mwisho. Sulav akamvisha. Zumari zikapasuka.

Rejina akaniinamia miguuni, akanong'ona, "Bibi, inanuka pancha."

"Itatoka, mwanangu. Ukizoea."

Basi watu wanakula, Lokman anafuta tairi alirudishe. Akaita.

"Mzee, hebu njoo. Hiki nini?"

Ndani ya tairi, chini ya lile bonge, palikuwa na kiraka. Kikubwa kama chapati, tabaka tatu, kimegandishwa kwa mkono wa mtu asiye fundi. Lokman akakipima kwenye kiganja.

"Ndicho kilichokuwa kinawatetemesha hiki. Na upepo unatokea pembeni yake."

Nikasogea. Mpira mwekundu, una maua meupe.

Kiatu changu cha mvua. Cha kushoto. Kile ambacho mzee wangu aliapa kimebebwa na mbwa wa Maiya, jirani yetu. Na mimi Maiya sijamsalimu masika mawili.

"Mzee, hicho ni kiatu changu."

"Kilikuwa kinaziba," akajibu polepole.

"Na cha kulia kiko wapi?"

Macho yake yalikwenda kwenye tairi la nyuma.

Wanangu, gundi ni nzuri na shanga ni nzuri, na risasi pia kwa wenye lami. Lakini kabla hamjagombana mchague ipi, lifungueni kwanza tairi mwone aliyewatangulia aliweka nini.

Maiya nilimpelekea sel. Mbwa wake nilimpelekea mfupa, wenye nyama.