Komeo la Katibu

Katibu wa chama cha Wanyamwezi waliohamia Vihingo ana sauti ya chini na mkono usiobanduka kwenye komeo. Kila kikao, jirani yake Mudathir, Mzaramo wa hapohapo, humfuata mlangoni: "Huu si ubaguzi?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Sisi huku wachache, bwana. Tusipojisemea, nani atatusemea?" Kisha huufunga mlango taratibu, kama anayefunika chungu cha wali. Juzi alifiwa na mama. Chama kizima kilijaa uani, lakini msiba bila mtani wa kuwatania wafiwa hadi wacheke haujakamilika, na mtani wa Mnyamwezi ni Mzaramo. Akaenda mwenyewe kubisha hodi. "Mtani, njoo umtanie mama tumzike." Mudathir akachungulia, akashika komeo. "Kwani mimi mwanachama?" Mlango ukafungwa taratibu. Nje, katibu akacheka mpaka machozi aliyoyabana tangu asubuhi yakamtoka.