Maziwa ya Cheruto

Bethwel wa Kuresoi alikuwa na kichwa, na ubaya ni kwamba alijua. Ofisi yao ya ushirika wa maziwa, hapa Nakuru, ilikuwa na databesi moja, na programu tatu zikiitegemea: ya mizani vituoni, ya duka la chakula cha ng'ombe, na ya ripoti za wakubwa. Koneksheni za kuifikia zilikuwa chache, za kuazima na kurudisha, kama vikombe vya chai kanisani: ukimaliza, suuza, mpe mwenzako. Bethwel alikuwa ameipa kila programu kiwango chake cha koneksheni, isizidishe, na fungu la mizani halikuguswa na mtu.

Mpaka wageni walipokuja kukagua ushirika. Mzee Kimeli, mwenyekiti, akamnong'oneza: "Kijana, ripoti inazunguka tu. Kwenu mgeni hupangwa foleni?"

Sasa wewe uliyelelewa kumwachia mgeni hata kiti cha baba yako, utajibu nini? Bethwel akaiondolea ripoti kiwango, akazima simu kwa heshima, akasimama mbele ya watu. Grafu zikajaa ukutani. Wageni wakapiga makofi, na mjanja wetu akatabasamu mpaka ufizi. Hakuona kwamba ripoti zilikuwa zimekalia vikombe vyote.

Kule Kuresoi mizani ikagoma. Bila uzito kuingia kwa mtambo, karani hapokei hata tone. Watu wakawauzia mabroka, wale wachuuzi wa bei ya kutupa, isipokuwa mama mmoja aliyekaa kando ya mtungi wake, juani.

"Mathe Cheruto, uza tu," karani Nyongesa akamsihi. "Broka wa mwisho anaondoka."

"Hiyo mashine ni ya Bethwel wangu. Ataifungua."

Akaifungua, ndiyo, wageni walipokwenda kula naye akawasha simu, akakuta Kuresoi wamempigia mara kumi. Nyongesa akapima maziwa ya Cheruto, yalikuwa yameganda. Mtambo wa mwanawe ukaandika: yamekataliwa. Cheruto akayamwaga mtaroni mwenyewe, akasuuza mtungi, akaenda nyumbani.

Jioni Bethwel akapiga simu. "Mama, pole. Ni mimi niliharibu."

"Wageni walikula vizuri?"

"Walikula, mama."

"Basi."

Siku hizi Cheruto humuuzia broka, na hasemi kwa nini. Bethwel alirudisha viwango siku ile ile. Kila asubuhi hutazama majina ya Kuresoi yakiingia, moja baada ya jingine, mpaka kituo kifungwe. La mamake haliji. Koneksheni za mizani zipo, nyingine zimekaa bure.